Asparaga yangu imekuwa nyembamba kama njiti: majibu ya barua zenu

Tangu tugusie asparaga kidogo kwenye toleo la mwezi juzi barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, kwa hiyo ukurasa wote wa mwezi huu nimewapa nyie mnaoilima au mnaotaka kuilima nyumbani. Kwa ambaye haijui, ni yale machipukizi ya kijani yaliyonyooka kama penseli, ncha ina magamba madogo madogo yamelaliana, supamaketi wanayafunga kwa raba bendi na kuyauza bei ya nyama. Na ni mmea wa kudumu, ukishashika unaweza kukaa palepale miaka 15 hata 20, ndo maana ukikosea mwanzo unalikosa tuta kwa muda mrefu sana.

Shikamoo shangazi. Mi niko Lushoto. Nilisia mbegu za asparaga mwaka jana masika, zikaota vizuri, nikahamishia kwenye tuta miche 22. Baada ya miezi kama nane zikaanza kutoa vichipukizi nikafurahi nikawa nakata kila asubuhi tunakula na mayai, kila kinachotoka nakata. Saivi vinatoka vyembamba kama njiti ya kiberiti na mingine miche haitoi kabisa. Nimeweka mbolea lakini wapi. Ni ugonjwa? — Msomaji, Lushoto

Marahaba mwanangu. Sio ugonjwa, ni njaa, na mbolea peke yake haiwezi kuitibu.

Fukua kidogo pembeni ya mche mmoja utaona kule chini kuna kishina kifupi kimelala, kimetoa mizizi minene minene ya rangi ya maziwa kila upande kama mikono ya pweza. Hiyo mizizi ndo ghala. Kila chipukizi linalotoka juu limetengenezwa kwa chakula kilichowekwa mle ghalani, sasa ukiliacha lisikatwe linapanda linafika mita moja na nusu, linafunguka matawi laini kama manyoya, na yale matawi yanashika jua yanatengeneza chakula kinarudi chini. We ulikuwa unakata yote. Ni kama kibubu ambacho kila asubuhi unatoa na hakuna siku mtu ametia, mwezi wa kwanza utaona hela, wa pili utaona, wa tatu unatikisa hamna kitu.

Vitabu vingi na video nyingi mnazoangalia ni za watu wa nchi za baridi, wao wanakata yote kwa wiki sita au nane wakati wa majira ya kuchipua alafu wanaacha kabisa, mmea unakaa na majani kiangazi chote unajaza ghala, baridi ikija majani yanakauka mizizi inalala. Wana kalenda inayowakataza. Sisi hatuna hiyo baridi, asparaga ya Lushoto itakutolea chipukizi mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili na we utadhani ni baraka kumbe unaimaliza.

Kwenye nchi za joto wamepata njia mbili. Peru wanalima jangwani pwani, kule Ica na karibu na Trujillo, mvua karibu hakuna, wanachofanya wanafunga maji ili mmea upumzike, alafu wanakata majani yote na kufungulia maji tena, ndo mavuno yanaanza. Kwa bustani yako Lushoto hiyo ngumu maana mvua huwezi kuifunga. Njia ya pili ndo nayoitumia mimi, inatumika sana Thailand na Taiwan: kwenye kila mche unaacha mashina matatu mpaka matano yakue yawe majani, hayo ndo mama, hayaguswi, na unakata yale mengine tu yanayochipua pembeni. Mama wakizeeka, baada ya miezi mitatu hivi utaona wanaanza kuwa wa njano, unachagua machipukizi mapya manene unayaacha, yakishafunguka ndipo unawaondoa wale wazee. Usikate mama wote kwa mpigo hata siku moja.

Sasa kwako wewe: acha kukata kabisa. Hata likitoka moja nono linakutamanisha, acha. Weka samadi iliyooza vizuri, ndoo moja kwa kila mita ya tuta, tandaza majani makavu juu, chomeka vijiti ufunge kamba pande zote mbili ili majani yasilale kwenye upepo. Kaa hivo mwaka mzima. Utajua ghala limejaa pale machipukizi mapya yatakapotoka na unene wa penseli au zaidi bila kusukumwa. Ile miche ambayo haitoi kabisa ipe miezi mitatu, ikibaki kimya ing'oe uangalie mizizi, kama imekuwa laini ya kahawia imeshakufa.

Habari ya kazi dada. Mi nna asparaga kwenye chungu barazani miaka mitano, ile ya majani laini kabisa kama lesi wanayoweka kwenye maua ya harusi. Kuna machipukizi yanatoka marefu yanajikunja. Naweza kukata nikapika? — Mama wa watoto watatu, Moshi

Nzuri mama. Hapana, usile. Hiyo ni ndugu tu. Ni mmea wa huku huku kwetu, unaota wenyewe misituni Afrika Mashariki na Kusini, na wazungu ndo waliuchukua wakaufanya wa mapambo. Ukiangalia shina lake kwa karibu utaona vimiiba vidogo vilivyopinda, ya kula haina hivo. Na vile vitunda vyake watoto wasiviweke mdomoni, vinaleta kutapika na tumbo. Hata ile ya kula, matunda yake mekundu nayo hayaliwi, kinacholiwa ni chipukizi changa tu.

Shikamoo mama. Nina kieneo nyuma ya nyumba Ngaramtoni, kama mita tano kwa sita, nataka kuanza kabisa kutoka zero. Nianze na mbegu au mizizi? Udongo uweje? Na familia ya watu watano nipande mingapi? — Kijana, Arusha

Marahaba. Nimefurahi umeuliza kabla hujachimba maana mimi sikuuliza. Shamba langu la kwanza nililiweka pale palipokuwa na nafasi, sehemu ya chini ya kiwanja, udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi unapasuka nyufa vidole vinaingia. Miche 14. Masika ya kwanza maji yalisimama siku nne tu. Wiki mbili baadae majani yakageuka njano kuanzia chini, nikadhani ina kiu, nikaongeza maji! Nilipokuja kung'oa mche mmoja mizizi ilikuwa inavuliwa ganda kama soksi iliyolowa na katikati nyekundu ya kutu. Nikabaki na mitatu. Ule ni ugonjwa wa kuvu uitwao fusariamu, unaishi kwenye udongo miaka na miaka na hauna dawa ya kuuondoa, kwa hiyo pale sijapanda tena asparaga mpaka leo, napanda mahindi.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwako ni maji yasisimame. Chimba shimo la futi moja na nusu, mwaga ndoo ya maji, subiri. Yakikaa zaidi ya saa tatu nne hapo inua tuta, sentimita 30 au zaidi, uchanganye mchanga na mboji. Asparaga inapenda udongo tifutifu wenye kichanga, na haipendi asidi, ukipima pH ikiwa kati ya 6.5 na 7.5 ndo penyewe. Nyie wa Ngaramtoni udongo wa volkano wa Meru mara nyingi unaachia maji vizuri, ila wa milima yenye udongo mwekundu wanaosoma hapa wapime kwanza, udongo wao mara nyingi una asidi na utataka chokaa ya kilimo au majivu kiasi. Jua liwe la siku nzima, usipande chini ya parachichi.

Mbegu au mizizi: anza na mbegu, kwa sababu mizizi ya mwaka mmoja huku kuipata ni shida, na ukiipata hujui imetoka shamba lenye ugonjwa gani. Mbegu ni nyeusi ngumu, loweka maji ya uvuguvugu usiku mzima, sia kwenye viriba kina cha sentimita moja mpaka moja na nusu, kiriba kimoja mbegu moja maana mizizi yake ikishikana kuitenganisha ni kuikata. Zinachelewa! Wiki mbili, tatu, kukiwa na baridi hata zaidi, watu wanatupa viriba wakidhani zimekufa. Ikitoka utaona kama uzi wa kijani umesimama, ukipalilia bila miwani unaung'oa ukidhani ni nyasi, nimeshafanya hivo.

Kuhusu aina, UC 157 ya Chuo Kikuu cha California imezoea sehemu zisizo na baridi kali, ndo imelimwa sana huko Peru. Mary Washington ni ya zamani, bei nafuu, inavumilia, ila inatoa mimea dume na jike nusu kwa nusu. Zile za kina Jersey kutoka New Jersey ni dume karibu zote na zinazaa sana ila zimetengenezwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi, mi nisingeanza nazo.

Miche ikifika miezi mitatu minne ihamishe. Chimba mtaro kina cha sentimita 20, samadi iliyooza chini, panda kila baada ya sentimita 40, na kati ya mstari na mstari acha mita moja na robo au nusu, utaona ni nafasi kubwa ya kupoteza lakini mwaka wa pili hutaweza kupita. Usifukie mtaro wote siku hiyo, fukia kidogo kidogo kadiri mche unavyopanda mpaka usawa. Kwa watu watano mimea 25 inawatosha, na eneo lako linaichukua. Mmea uliokomaa vizuri unakupa kama robo mpaka nusu kilo kwa msimu, sio nyingi kama sukuma wiki, uijue hiyo mapema. Maji lita 20 mpaka 25 kwa kila mita mraba kwa wiki, kama mvua haijanyesha. Na magugu palilia kwa mkono, jembe linakata machipukizi yakiwa bado chini hujayaona.

Kuvuna: kwa kuwa mmea wetu haulali kwa baridi unakua haraka kidogo kuliko wa Ulaya, lakini usiguse kabla ya mwaka mmoja na nusu tangu kusia, miaka miwili ni bora zaidi. Alafu rudi kasome jibu la huyo mwenzako wa Lushoto.

Asalaam aleikum. Niko Kigamboni, maji yangu ya kisima yana chumvi, mchicha unaungua majani, nyanya ndo kabisa. Nimeambiwa asparaga inakubali chumvi. Ni kweli? Na hili joto letu? — Baba wa Kigamboni

Wa aleikum salaam. Ni kweli baba, ni kati ya mboga zinazovumilia chumvi kuliko nyingi, asili yake ni sehemu za pwani huko ng'ambo na inaota hata kwenye mchanga wa karibu na bahari. Ila anayevumilia ni mmea uliokomaa, mche mchanga hauvumilii, kwa hiyo kitaluni tumia maji ya mvua au ya bomba miezi ile ya kwanza. Na wakati wa masika acha mvua ioshe tuta, usizuie maji ya mvua kupita. Kuna watu wanamwaga chumvi yenyewe kuua magugu, hilo usifanye, utaharibu udongo wa kila kitu kingine.

Joto sasa. Itaota, lakini sitakudanganya kwamba itakuwa kama ya Njombe. Kukiwa na joto kali ncha inafunguka mapema, chipukizi likiwa fupi bado ushaona limeanza kutawanyika, kwa hiyo inabidi ukate asubuhi na jioni na ukate likiwa fupi, sentimita 15. Unyevu wa pwani pia unaleta kuvu kwenye majani, panda mbali mbali zaidi upepo upite, mwagilia chini sio juu ya majani. Mchanga wenu una minyoo fundo pia, vile viminyoo vinavyovimbisha mizizi, ukiweza changanya mboji nyingi. Njia ya kuacha mashina mama kwako ni lazima, na acha matano sio matatu. Anza na mimea sita uone.

Mambo vipi shangazi, niko Hamburg mwaka wa nne, hapa kuanzia mwezi wa nne watu wote ni asparaga, tena nyeupe. Nyeupe ni aina nyingine? Nataka nikija nyumbani Njombe mwezi wa kumi na mbili nimletee mama mizizi yake. — Dada wa Hamburg

Poa mwanangu, karibu ukurasani. Nyeupe na kijani ni mmea uleule. Nyeupe wameifukia, wanajaza udongo juu ya mstari mpaka unakuwa kama kingo, chipukizi linapanda gizani halijapata jua halijawa kijani, mvunaji akiona udongo umepasuka kidogo juu anaingiza mkono na kisu kirefu anakata chini. Ndo maana bei. Na ndo maana lazima imenywe ganda, ya kijani haimenywi. Utakuwa umeona pia kwamba tarehe 24 mwezi wa sita, siku ya Mtakatifu Yohane, wanaacha kuvuna hata kama bado inatoka. Wajerumani nao wanaliachia ghala lijae.

Mizizi usibebe. Najua unampenda mama lakini mizizi yenye udongo inabeba fusariamu na wadudu wa huko, na kisheria mimea na mbegu kuingia Tanzania inataka kibali na cheti cha afya ya mimea, wanaoshughulika ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na kwa wa Kenya ni KEPHIS. Uliza TPHPA kabla hujasafiri hata kama ni pakiti ya mbegu. Rahisi kuliko yote ni kumtafutia mama mbegu kwenye duka la pembejeo huko huko nyumbani, na Njombe kwa baridi ile ni moja ya sehemu ningezichagua mimi mwenyewe, kama udongo wake utapimwa asidi na kutiwa chokaa.

Habari. Asparaga zangu zina mwaka wa tatu hapa Limuru. Mwaka huu baadhi zimetoa matunda madogo mekundu mazuri sana, na majani yana unga wa rangi ya machungwa ukigusa unabaki kwa vidole. Hivi vitu viwili vinahusiana? — Cucu wa Limuru

Nzuri sana cucu. Havihusiani. Matunda ni kwa sababu hiyo mimea ni jike. Jike anatumia nguvu nyingi kuzaa mbegu kwa hiyo machipukizi yake yanakuwa machache kidogo, mara nyingi manene lakini. Usimng'oe kwa hilo, chuma tu matunda kabla hayajaanguka maana yatakuotea kama magugu kila mahali, na wajukuu wasiyale.

Ule unga ndo wa kukutia wasiwasi, ni kutu ya asparaga, ni kuvu. Limuru na ule ukungu wa asubuhi unaotanda mpaka saa nne majani hayakauki, hapo inapata nafasi. Kata mashina yaliyoathirika mpaka chini, usiyaweke kwenye mboji, yachome. Ukiona mengi sana usikate yote siku moja, anza na yaliyoathirika zaidi, acha yenye unafuu mpaka mapya yafunguke, kwa sababu ileile ya ghala. Punguza magugu upepo upite. Ikirudi mwaka ujao pia, nenda agroveti na tawi lenyewe kwenye mfuko wakupe dawa ya kuvu iliyosajiliwa kwa mboga, na usome siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Samahani kwa swali hili, nikila asparaga mkojo unanuka vibaya sana, nimeogopa figo. — Jina linahifadhiwa

Usiogope na wala usiombe samahani. Asparaga ina asidi yake maalum yenye salfa, tumbo likiivunja inatoka kwenye mkojo na harufu hiyo, hata ndani ya nusu saa, inaisha yenyewe. Wengine wakila hawasikii chochote kwa sababu pua zao haziioni hiyo harufu. Ila kuna kitu kimoja naomba nikitaje hapa: kama kuna mtu nyumbani anatumia warfarin, dawa ya kufanya damu isigande, asparaga ina vitamini K nyingi, asianze kula nyingi ghafla bila kumwambia daktari wake.

Shikamoo mama. Hatimaye! Mwaka wa tatu Iringa na nina machipukizi kumi na moja ya kuvuna kesho. Nakataje, na nayapikaje nisiyaharibu? Nimesubiri sana. — Mwanao, Iringa

Marahaba mwanangu, hongera sana, barua yako nimeisoma mara mbili.

Kwanza kahesabu mama zako, kila mche ubaki na watatu. Alafu nenda asubuhi mapema, kabla jua halijashika. Yenye sentimita 15 mpaka 20 na ncha imefumba ndo ya kukata, ikishaanza kutawanyika kama mkia wa kuku iache iwe jani. Shika karibu na udongo, pinda, litavunjika lenyewe pale linapoishia kuwa gumu, hivo hutakuwa umekata kichipukizi kingine kilichojificha chini kama unavyofanya kwa kisu. Usiogope manene, manene ni laini sawasawa na membamba.

Weka sufuria jikoni kabla hujaenda kuvuna. Sisemi kwa kuzidisha, sukari yake inaanza kupungua tangu inapovunjwa, ya supamaketi ina siku kadhaa njiani na ndo maana anayekula ya bustani yake mara ya kwanza anashangaa utamu, inakaribia njegere mbichi. Maji yachemke na chumvi kidogo, tumbukiza, dakika tatu, yakiwa manene nne, toa yakiwa bado kijani kikali na yanapinda bila kulegea. Au kaanga kwenye kikaango na mafuta kidogo na kitunguu saumu moto mkali, dakika tano, mwisho kamua ndimu. Nazi usiweke mara hii ya kwanza, onja kwanza ladha yenyewe ilivyo. Kama itabidi yasubiri mpaka jioni, yasimamishe kwenye glasi yenye maji kidogo kama maua, funika na mfuko, weka friji.

Kumi na moja kwa watu wangapi hujasema. Mkiwa wengi yakate vipande uchanganye na mayai, kila mtu apate.